Cherehani ya kielektroniki ya mtumba: uinunue au uiache?

Picha huwa zinafanana. Cherehani nyeupe iliyoanza kuwa ya manjano, vitufe kifuani, mishono thelathini imechorwa pembeni, na muuzaji ameandika kwamba imetoka Japani na ni nzima. Mtu ananitumia picha hiyo kwenye simu na kuniuliza, "Ninunue?" Nami kabla ya kujibu namuuliza mawili: imeandikwa volti ngapi, na unataka kushona nini? Wengi hawajalitazama la kwanza, na la pili hawajalifikiria. Nimeandika mwongozo huu ili ukifika dukani uwe umeshajibu yote mawili, na uwe unajua cha kushika, cha kunusa na cha kusikiliza.

Ya kwanza niliyoinunua mimi ilidumu dakika chache. Ilikuwa ya volti 100, nikaichomeka kwenye umeme wetu wa 230 kwa sababu niliambiwa "hii inakubali popote". Taa yake iliwaka nyeupe kuliko kawaida, ukatoka moshi wenye harufu kali, basi. Pesa ile niliipata kwa kushona sare za shule muhula mzima. Mengi ya hapa chini nimejifunza baada ya siku ile.

Msimamo wangu nautaja mapema. Katika cherehani ya kielektroniki yenye miaka 20, 30 au 40, chuma ni cha kudumu na bodi, yaani ubao wa vifaa vya elektroniki ulio ndani, ni ya muda. Lipa bei ya chuma. Bodi ihesabu kama mgeni ambaye ameshafunga mizigo: akikaa, umepata faida; akiondoka, usiwe umefilisika.

Hatua ya kwanza: ijue kazi yako

Cherehani hizi zilitengenezwa kwa ajili ya nyumbani. Mota yake huwa kati ya wati 60 na 100 hivi, wakati mashine ya kiwandani huendeshwa na mota ya wati 370 hadi 550. Kama wewe ni fundi unayeshona sare, mapazia au magunia tangu asubuhi hadi jua linazama, acha kusoma hapa, tafuta mashine ya kiwandani au baki na Butterfly yako ya kukanyaga. Cherehani ya nyumbani ukiifanyisha kazi ya kiwanda utaichosha mwaka huo huo, na kosa halitakuwa lake.

Inamfaa nani basi? Anayeshona magauni, mashati, nguo za watoto na matundu ya vifungo. Anayeshona vitambaa vinavyovutika, kama fulana na jezi, ambavyo mshono wa kunyooka hukatika siku ya kwanza mtoto akivaa. Anayejifunza, kwa sababu cherehani nzuri ya kielektroniki inaweza kwenda polepole sana huku sindano ikipenya kwa nguvu zile zile. Hapo ndipo fahari yake ilipo. Mota ya kawaida ukiikanyaga kidogo hukosa nguvu, inanguruma bila kuzunguka, kisha inaruka ghafla. Ya kielektroniki hupiga tone moja moja kama mtu anayehesabu shanga, hata kwenye kona ya ukosi.

Wingi wa mishono usikupumbaze. Mishono ninayoitumia kweli ni sita: wa kunyooka, zigizaga, zigizaga ya nukta tatu kwa mpira wa kiunoni, wa kuziba kingo za kitambaa, wa upindo usioonekana, na tundu la kifungo. Bata na maua yaliyochorwa kwenye kioo hushonwa mara moja, kwenye kitambaa cha kujaribia, siku ya kwanza.

Hatua ya pili: ni ya kielektroniki kwa kiasi gani?

Neno hilo limebandikwa kwenye mashine tatu zisizofanana kabisa, na hatua hii ndiyo inayoamua mengi kuliko zote.

Kundi la kwanza ni cherehani ambazo mshono unatengenezwa kwa chuma na gia, na elektroniki inasimamia mwendo tu. Ndani kuna vigurudumu vyenye mabonde na vilima. Kidole cha chuma kinapita juu yake na kuisukuma sindano kushoto na kulia. Bodi, mara nyingi iliyo ndani ya pedali, kazi yake ni kupunguza na kuongeza kasi. Bernina 830 Record ya mwaka 1971 ni ya ukoo huu. Bodi ya namna hii ikifa, fundi redio mzuri anaitengeneza kwa vipande vya bei ndogo, na akishindwa, mara nyingi inawezekana kufunga pedali au mota nyingine ukaendelea kushona kila kitu.

Kundi la pili ni zile ambazo bodi ndiyo inayoamua sindano iende wapi. Singer ilifungua mlango huo mwaka 1975 kwa Athena 2000, cherehani ya kwanza ya nyumbani kuongozwa kielektroniki. Mwaka 1979 Janome ikatoa Memory 7, ya nyumbani ya kwanza yenye kompyuta inayopangiwa mishono. Tangu hapo hadi leo, cherehani nyingi zenye vitufe zina mota ndogo mbili zinazopokea amri: moja inayumbisha sindano, nyingine inapanga urefu wa hatua ya kitambaa. Bodi ikifa hapa, huna zigizaga wala tundu la kifungo, na huenda huna hata mshono wa kunyooka.

Kundi la tatu ni za kudarizi. Janome Memory Craft 8000 ya mwaka 1990 ilileta nyumbani udarizi wa kompyuta, ikiwa na kadi zake za michoro. Nyingine zilizofuata zilitumia disketi, kama Designer I ya Husqvarna Viking. Kwa kundi hili nina ushauri mfupi: bila fremu yake, kadi au disketi zake, na mkono wa kushikia fremu, usiinunue kwa ajili ya kudarizi. Kuvitafuta kimoja kimoja kutakula pesa kuliko mashine yenyewe. Kama inashona vizuri bila hivyo, ihesabu kama ya kundi la pili, na bei iwe ya kundi la pili.

Utazitofautishaje pale sokoni? Kuna jaribio moja lisilohitaji umeme. Chagua zigizaga, kisha zungusha gurudumu la mkono kuja upande wako, polepole, mashine ikiwa imezimwa. Sindano ikiyumba kushoto na kulia, mshono unatengenezwa na chuma: kundi la kwanza. Ikipanda na kushuka mahali pamoja tu, basi anayeiyumbisha ni bodi: kundi la pili au la tatu. Jaribio hilo linachukua nusu dakika na muuzaji hana namna ya kulipindisha.

Mimi nikiwa na uhuru wa kuchagua, na umri wa mashine umepita miaka 25, nachukua ya kundi la kwanza hata kama ina mishono minane tu. Ya kundi la pili naichukua ikiwa bei imeshuka na majaribio yote yafuatayo imeyapita.

Hatua ya tatu: soma kibati cha umeme

Geuza cherehani, angalia chini au ubavuni karibu na mahali waya unapoingia. Kuna kibati au stika yenye volti, hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) na wati. Kikiwa kimefutika au kimebanduliwa, na pedali nayo haina maandishi, iache. Hakuna fundi anayeweza kuijua volti kwa kuitazama usoni.

Tanzania tunatumia volti 230, Kenya na Uganda 240, zote kwa hezi 50. Mashine iliyotoka Uingereza au Oman inaingia moja kwa moja, hata plagi ya pini tatu ni ile ile. Iliyotoka Japani ni ya volti 100. Ya Marekani na Kanada ni 120. Mzigo uliopita Saudi Arabia usome kwa makini zaidi, kwa kuwa huko volti 127 na 220 ziliishi pamoja kwa miaka mingi.

Hezi hazina shida kubwa. Japani yenyewe imegawanyika, mashariki hezi 50 na magharibi 60, kwa hiyo mashine za huko kwa kawaida zimeandikwa 50/60. Ya Marekani iliyoandikwa 60 peke yake inaweza kufanya kazi kwenye 50, ila transfoma ya ndani itapata joto zaidi, ipumzishe.

Volti ndizo zinazoua. Kwa mashine ya 100 unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na nyingi zinazouzwa madukani zinashusha hadi 110. Piga hesabu. Transfoma iliyoandikwa 220 kwenda 110 inagawanya umeme mara mbili. Ukiwa Mombasa na ukutani kuna 240, itakupa 120. Mashine ya 100 inapata ziada ya asilimia 20, kila siku, na bodi yake imeshazeeka. Tafuta transfoma yenye tundu la 100 hasa, au mwambie fundi anayesuka transfoma akusukie yako. Wapo, na kazi hiyo kwao si ngeni.

Kwa cherehani ya wati 100, transfoma ya wati 200 hadi 300 inatosha na inabaki na akiba. Lakini iwe transfoma ya kweli, yenye chuma na shaba ndani, na uzito wake utausikia mkononi. Vile vidude vyepesi vya wasafiri vilivyoandikwa wati 1000 au 1600 vimetengenezwa kwa pasi na mashine za kukaushia nywele. Vinaukata umeme vipande vipande, na bodi ya cherehani haiwezi kuvumilia.

Walio vijijini wanaotumia sola, waulize inveta ni ya wimbi safi, yaani umeme wake ni laini kama wa ukutani, au la. Inveta ya bei ya chini yenye wimbi la ngazi huifanya pedali ya kielektroniki ichanganyikiwe: mota inavuma, mwendo unarukaruka. Bei ya inveta nzuri iingie kwenye hesabu yako.

Hatua ya nne: ikague kabla ya kuiwasha

Muuzaji atakimbilia kuichomeka ili usikie mota. Mzuie kwa upole.

"Bosi, hii nzima kabisa, nimeijaribu asubuhi."

"Sawa kaka, nakuamini. Nipe dakika kumi niitazame ikiwa imezima, halafu utaniwashia."

Anayekataa dakika kumi amekupa jibu.

Anza na pua. Inusie karibu na matundu ya hewa. Harufu ya mafuta ya zamani haina neno. Harufu ya plastiki iliyoungua, au ile kali inayochoma pua kama samaki walioharibika, ina neno: kuna kitu kiliungua ndani.

Zungusha gurudumu la mkono mizunguko kumi mizima, taratibu, macho yamefumbwa kama unaweza. Mkono unatakiwa usikie mzigo ule ule mzunguko mzima, ukizidi kidogo tu sindano inapopanda. Ukisikia "tk" moja mahali pale pale kila mzunguko, shuku jino la gia lililovunjika au gia ya plastiki iliyopasuka. Cherehani nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gia za nailoni, na nailoni huzeeka, inakauka na kupasuka hata mashine ikiwa kabatini. Bernina 830 Record niliyoisifia hapo juu inajulikana kwa gia yake ya kuendeshea mishono kupasuka. Fungua mfuniko wa juu (mara nyingi ni skrubu moja au mbili), washa tochi ya simu, na tazama kila gia nyeupe au ya rangi ya maziwa unayoiona. Ufa mwembamba kama unywele ni ufa.

Gurudumu likiwa zito sana au limekwama kabisa, usikate tamaa mapema. Mara nyingi ni grisi na mafuta vilivyoganda kuwa gundi baada ya miaka kumi ya kukaa. Hili linatibika kwa joto la mashine ya kukaushia nywele, mafuta ya cherehani na uvumilivu wa siku mbili tatu. Bei yake ishuke, lakini mashine si mbovu. Kinachonitia hofu ni cherehani iliyoganda kisha ikalazimishwa kwa umeme: hapo mota na bodi vimeumia kwa pamoja. Na ukiona mafuta ya kupikia au ya nazi yametumika kulainishia, jua kwamba aliyekuwa nayo hakuwa na fundi. Mafuta hayo huganda kama ulimbo.

Angalia kutu kwenye nguzo ya sindano na kwenye bamba lililo chini yake. Sisi wa pwani tunajua chumvi ya hewa inavyokula chuma. Kutu ya juu inafutika. Kutu iliyokula mashimo kwenye njia ya uzi itakukatia uzi maisha yako yote.

Kisha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Hakikisha nyumba yake ipo na ni ya mashine hiyo. Hapa watu wengi huliwa: cherehani nzuri, haina nyumba ya bobini, "utapata tu Kariakoo". Bernina na Pfaff zina bobini zao wenyewe, na hazipatikani kwa muuza uzi wa mtaani kwako. Sindano zina nafuu zaidi, kwani cherehani nyingi za nyumbani zinatumia aina moja, iliyoandikwa 130/705H au HAx1, na hiyo inauzwa kila mahali.

La mwisho hapa ni pedali. Pedali ya kielektroniki haiazimwi kutoka mashine nyingine. Kuna zinazopitisha umeme wote wa mota, kuna zinazotuma alama ndogo tu kwa bodi, na baadhi ya Elna za zamani zilitumia pumzi ya hewa kwenye mrija. Zote zinafanana kwa sura. Ukichomeka ya kwanza mahali pa ya pili unaweza kuimwagia bodi umeme wa ukutani. Cherehani ya kielektroniki isiyo na pedali yake naihesabu kama kichwa cha mapambo.

Hatua ya tano: iwashe

Ondoa sindano kwanza na weka mikono mbali. Kuna kifaa kidogo kiitwacho triaki kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota. Kikifa, mara nyingi hufa kikiwa kinapitisha umeme wote, na mashine inaanza kukimbia kwa kasi yote pale tu inapochomekwa, bila mguu wa mtu. Kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi, ikiungua ndani ya pedali za zamani nayo inaweza kuleta jambo hilo hilo. Ukiliona, chomoa. Habari njema ni kwamba triaki ni ya bei ndogo na fundi redio anaijua kama jina lake. Kwa mashine ya kundi la kwanza hilo ni tatizo la mchana mmoja, na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Mashine ya kundi la pili ikiwashwa husalimia: unasikia "krr-krr" fupi na sindano inajiyumbisha kutafuta mahali pake. Ni zile mota ndogo zinajipima. Kimya kabisa, au sauti ya kukwaruza inayorudiarudia, au herufi ya kosa kwenye kioo, maana yake haikujipata. Inaweza kuwa grisi iliyoganda kwenye reli ya sindano, inaweza kuwa bodi. Pale sokoni huwezi kujua ni lipi, kwa hiyo lipa kana kwamba ni bodi.

Bonyeza kila kitufe. Chagua kila mshono, si ule mmoja anaokuonyesha yeye. Kioo kilichofifia tazama kutoka pembeni; kama huwezi kusoma namba mchana, usiku utakuwa unabahatisha.

Halafu iache imewaka dakika kumi na tano. Zungumza na muuzaji, muulize ametoka wapi, nunua maji. Mashine nyingi za Ulaya za miaka hiyo zina kapasita ya karatasi kwenye njia ya umeme, ya kuzuia kelele za redio, yenye ganda la manjano linalopenya mwanga. Ganda hilo hupasuka kwa umri, unyevu unaingia, na siku moja inalipuka kwa moshi mwingi na harufu mbaya. Unyevu wa Dar, Unguja na Mombasa hauisaidii. Watu wakiona moshi ule huitupa cherehani, ilhali mara nyingi inaendelea kushona baada ya hapo, kwani kapasita ile haishiki kazi ya mshono. Inabadilishwa na mpya ya aina ya X2, jioni moja, na fundi yeyote mwenye lehemu. Kwa hiyo moshi usikutishe peke yake: uliza ulitoka wapi. Ukitoka kwenye njia ya kuingilia umeme, bei ishuke. Ukitoka kwenye bodi kubwa, muage muuzaji kwa heri.

Hatua ya sita: shona

Nenda na vitambaa vyako: kipande cha kanga, kipande cha jinzi, na kipande cha fulana. Nenda na sindano mpya, namba 14 kwa kanga na jinzi, na moja ya ncha ya mviringo kwa fulana. Nenda na uzi wako mzuri wa polista, rangi moja juu na nyingine chini. Muuzaji akikupa uzi wake na sindano yake butu, mshono mbaya utausingizia mashine.

Kanga, mshono wa kunyooka. Rangi ya chini isionekane juu, wala ya juu chini. Kaza na legeza kikaza uzi uone kama kinatii. Rudi nyuma hatua tano. Hatua za nyuma zilingane na za mbele kwa urefu.

Jinzi, ikunje iwe tabaka nne, kisha nane. Kanyaga kidogo mno, kwa mwendo wa konokono. Hapa ndipo unaponunua au kuacha. Sindano inatakiwa ipenye tone kwa tone bila mota kulia. Ikisita na wewe ukalazimika kuisaidia kwa gurudumu, ile nguvu ya mwendo wa polepole uliyotaka kuilipia imekwisha, na kilichobaki ni cherehani ya kawaida yenye vitufe.

Fulana, zigizaga ndogo, kisha vuta mshono. Ukiruka hatua kila mara hata kwa sindano sahihi, huenda ndoana inayozunguka bobini imepoteza wakati wake na sindano. Inarekebishika: ncha ya ndoana inatakiwa ipite nyuma ya sindano pale inapokuwa imepanda kama milimita 2 kutoka chini kabisa. Fundi cherehani mzoefu anafanya hivyo bila kipimo.

Shona matundu mawili ya vifungo, moja baada ya lingine, na uyalinganishe. Mguu wa kushoto na wa kulia wa tundu viwe na msongamano mmoja. La kwanza likiwa zuri na la pili likatoka tofauti, bodi au mota yake ndogo imeanza kuchoka. Jaribio hili linafichua udhaifu ambao mshono wa kunyooka hautauonyesha kamwe.

Hatua ya saba: fundi kabla ya pesa

Kabla ya kulipa, piga simu. Mafundi wawili, si mmoja: fundi cherehani na fundi redio. Wasomee jina na namba ya mashine. Muulize wa kwanza kama amewahi kuifungua ya namna hiyo, na wa pili kama yuko tayari kupima bodi bila mchoro wake. Jibu la "lete tu tutaona" si jibu. Ukikosa wote wawili katika mji wako, basi hata mashine nzima ina umri mfupi kwako, na hilo liingie kwenye bei.

Nenda pia dukani unakonunua uzi, uliza bobini na kiatu cha mashine hiyo, kile kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano. Viatu vya kubofya vya mguu mfupi vinaingiliana kwa chapa nyingi za Kijapani. Vya Bernina vina shingo yao wenyewe.

Hatua ya nane: bei

Natumia hesabu hii. Chukua bei ya cherehani mpya ya kawaida ya zigizaga inayouzwa mjini kwako, yenye dhamana. Toa bei ya transfoma kama inahitajika. Toa gharama ya kuisafisha, kuipaka grisi na kubadilisha kapasita. Kinachobaki, kwa mashine ya kundi la kwanza iliyopita majaribio yote, lipa hadi robo tatu yake. Kwa ya kundi la pili, nusu.

Kwa mfano, tuseme mpya ni shilingi 600,000, transfoma 100,000 na matengenezo 60,000. Imebaki 440,000. Ya kundi la kwanza nalipa hadi 330,000. Ya kundi la pili siendi zaidi ya 220,000, hata ikiwa inang'aa. Muuzaji atasema mpya yake Ulaya iliuzwa mamilioni. Ni kweli, na aliyelipa mamilioni hayo alinunua bodi changa.

Kama ni zawadi, au ndugu amekuletea kutoka Muscat au London, hesabu inabadilika. Umebakiwa na kazi ya kusoma kibati na kutafuta fundi.

Ukishafika nayo nyumbani

Wiki ya kwanza usiibebeshe kazi ya mteja. Mpe fundi redio abadilishe kapasita ya njia ya umeme hata kama haijapasuka, na atazame zile za silinda kwenye bodi kama zimevimba kichwani. Safisha vumbi la pamba chini ya bamba la sindano kwa brashi. Weka tone moja moja la mafuta ya cherehani pale tu kitabu chake kinaposema. Mashine nyingi za kundi la pili zina sehemu zisizotaka mafuta kabisa, na mafuta yakidondokea kwenye mkanda au kwenye bodi umejitafutia kazi.

Nunua kilinda umeme, kile kinachochelewesha dakika chache kabla ya kurudisha umeme. Bodi nyingi haziuawi na umeme unapokatika. Zinauawa na ule unaorudi kwa kishindo. Umeme ukikatika katikati ya mshono, zungusha gurudumu hadi sindano itoke kwenye nguo, zima swichi ya mashine, kisha chomoa waya ukutani. Na kila unapoinuka mezani, hata kama unakwenda tu kufungua mlango, zima swichi kwanza. Triaki ya zamani haipigi hodi, na watoto hupenda kugusa sindano.